Herbert Vianna wa Os Paralamas do Sucesso: gitaa lake lilianza lini kukaribiana na la kwetu?

Kijana wa Katuba, Lubumbashi:
Heshima zangu kwenu nyote. Mimi napiga mi-solo, yaani gitaa la kati kati ya solo na akompa (gitaa la mdundo), katika kikundi kidogo cha hapa Katuba. Juzi rafiki yangu alinisikilizisha wimbo wa Kibrazili uitwao «Alagados», nikadhani mpigaji amelelewa ndani ya rumba, kwa maana gitaa halikwaruzi nyuzi zote kwa pamoja bali linachagua sauti moja moja na kuzirudia juu ya mdundo wa rege. Nimeambiwa mwenye wimbo ni Herbert Vianna, mtu wa roki, mwimbaji na mpiga gitaa wa kikundi cha Os Paralamas do Sucesso. Naomba anayeijua safari yake anieleze alifikaje huko, na kama ni kweli kwamba aliendelea na muziki baada ya ajali iliyompooza miguu.

Yaya wa Kamalondo:
Mdogo wangu, sikio lako halikukudanganya, ila usimtafutie Vianna ukoo wa Kikongo. Alizaliwa João Pessoa mwaka 1961, akiwa mtoto wa mwanajeshi, na alikulia Brasília, ambako alifahamiana na Bi Ribeiro, mpiga besi wake. Walipokuwa Rio de Janeiro, João Barone alishika ngoma, na watatu hao hawajaachana hadi leo. Albamu zao mbili za mwanzo, «Cinema Mudo» ya 1983 na «O Passo do Lui» ya 1984, zilikuwa bado zinawafuata The Police, kikundi cha roki cha Uingereza: watu watatu tu, rege ya haraka, gitaa kavu. Hilo liliwatosha kupanda jukwaa la Rock in Rio mnamo Januari 1985, wakati utawala wa kijeshi ulipokuwa ukingoni.

Mageuzi yenyewe yalikuja 1986 katika albamu «Selvagem?», ambapo Vianna, badala ya kuendelea kuitazama London, aligeukia Jamaika, Bahia na Afrika. Wimbo wako umo humo, na mwanamuziki wa Bahia Gilberto Gil anashiriki kuuimba. Unautaja mtaa wa Alagados wa Salvador, uliojulikana kwa vibanda vilivyosimama juu ya nguzo majini, pamoja na Trenchtown ya Kingston na Favela da Maré ya Rio, kana kwamba ni kitongoji kimoja. Maneno ya namna hiyo yasingekaa vizuri juu ya gitaa la kunguruma. Yalihitaji gitaa la kuchezesha watu. Kwangu mimi, kazi zake zote za baadaye zinatoka hapo, zikiwemo tarumbeta za «Bora-Bora» ya 1988.

Mwalimu wa Ruashi:
Kwa heshima, Yaya, naona unalitukuza gitaa na kumsahau mtunzi. Mtu huyu amewaandikia na wengine: ule wimbo wa mapenzi uliovuma kwa sauti ya mwimbaji Ivete Sangalo, «Se Eu Não Te Amasse Tanto Assim», aliutunga pamoja na Paulo Sérgio Valle, na hauna hata chembe ya roki. Mwaka 1995 aliwashambulia wabunge katika «Luís Inácio (300 Picaretas)», akitumia kauli ya mwanasiasa Luiz Inácio Lula da Silva, na wimbo huo ukazuiwa kupigwa katika onyesho lao la Brasília.

Kuhusu ajali, ni kweli. Tarehe 4 Februari 2001 ndege ndogo nyepesi aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka. Mkewe Lucy alifariki, naye akapoteza matumizi ya miguu. Mwaka uliofuata kikundi kilitoa «Longo Caminho», ambayo nyimbo zake nyingi zilikuwa zimetungwa kabla ya ajali, na tangu hapo yeye huimba na kupiga gitaa akiwa katika kiti cha magurudumu.

Kijana wa Katuba:
Asanteni sana, Yaya na Mwalimu. Nataka tuujaribu mazoezini, lakini sisi tuna magitaa matatu, nao wana moja.

Yaya wa Kamalondo:
Wewe shika sehemu ya Vianna kwenye mi-solo, akompa apige rege taratibu, na mpiga solo mwambieni asubiri sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea.