Boxer inaangukia kulia ikiwa imepaki: bampa la nondo au la bomba?

Mnyegezi: Wakuu, habari za muda huu. Nina pikipiki ya Boxer BM 150, nipo Mwanza. Imedondoka tena ikiwa imepaki. Mkono wa breki umekatika, futresti ya kulia imepinda, kava ya klachi imechubuka. Nifunge bampa, yaani kinga ya injini pembeni, la nondo au la bomba? Nimechanganyikiwa kwa kweli.

Spana Kumi: Helmeti kwanza, kijana. Bampa halilindi kichwa.

Fundi Igoma: Kuhusu mkono wa breki, usikaze sana bolti za klampu yake kwenye usukani. Kaza hadi usicheze ukiushika, ila ukisukumwa kwa nguvu uzunguke. Ukigonga chini utazunguka badala ya kukatika. Wa klachi vilevile.

Ngosha wa Kisesa: Hii chai. Stendi ya pembeni iko kushoto, pikipiki inaegemea kushoto. Inaangukaje kulia yenyewe? Sema ulikuwa unaendesha.

Mnyegezi: Sio chai mkuu. Nyuma kunakuwa na kreti mbili za sato na barafu, nasubiri wateja soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Lakini nafunga vizuri kwa mipira, mzigo hauhusiki.

Fundi Igoma: Unahusika kuliko vyote! Shokapu za nyuma zikibonyea, pikipiki inashuka na stendi urefu wake ni uleule, kwa hiyo inasimama karibu wima. Mtu akiigusa tu, inakwenda kulia. Pakia na kushusha ikiwa kwenye stendi kubwa ya katikati, chini weka ubao mpana maana mchanga wa mwaloni unameza miguu ya stendi. Kreti nzito ikae chini, isogee mbele karibu na siti.

Mnyegezi: Sawa, ila nondo ya milimita 16 imeshakatwa, advansi nimetoa, na fundi anaichomelea kwenye fremu. Nondo ni imara.

Fundi Igoma: Ubaya ni kuichomelea. Ikigonga chini, kishindo kinaingia kwenye fremu, nayo huweza kupasuka pembeni ya pale palipochomelewa, chuma kilipopata moto. Msimamishe leo. Chukua bomba la milimita 25, unene milimita 2, lifungwe kwa bolti pale mbele inaposhikwa injini, kulia na kushoto viunganishwe na bomba la kati. Litokeze kuzidi kava ya injini, lisifikie upana wa usukani. Kibati cha kufungia kikiwa na milimita 5, na bolti iwe ndefu kuliko ya awali kwa milimita 5, nyuzi mbili tatu zionekane nje ya nati. Dai bolti yenye alama 8.8 kichwani, ndiyo daraja la uimara wake.

Ngosha wa Kisesa: Hapo nimeelewa, kumbe inawezekana kuangukia kulia. Basi ikilala tena, zima swichi, funga koki ya mafuta maana kabureta inamwaga, shusha kreti, kisha fungua stendi ya pembeni kabla ya kuinyanyua, isije ikapitiliza kushoto. Kagua oili ndipo upige kiki.