Tupeane uzoefu: Nani aligeuza deli la barafu kuwa kasha la siga huku kusini?

Mwana_Shangani:
Wakuu, habari za jioni. Leo pale feri nimemwona kijana anauza deli kuukuu la bluu, yale ya kubebea soda za pikiniki, nikamkumbuka marehemu baba mdogo. Alikuwa baharia. Kila akirudi safari alileta siga, yale masigara manene ya majani ya tumbaku yaliyosokotwa, na zote alizitunza ndani ya deli kama lile, uvunguni mwa kitanda, na zilikaa miaka bila kupasuka ganda. Kasha la mbao la dukani lina bei ya kutisha. Deli lina kuta mbili zenye povu katikati na mfuniko unaobana, kwa hiyo unyevu hautoki ovyo na joto halipandi kwa kasi. Najua humu kuna waliojaribu, hasa mliofanya kazi na wageni wa gesi. Mlifanyaje? Kipi kiliwasumbua?

Kusi_Mikindani:
Umenikumbusha mbali, mkuu. Mimi langu ninalo hadi leo. Shida ya wengi ni kufuata maelekezo ya watu wa nchi za baridi. Kule hewa ya ndani ya nyumba inakaushwa na mashine za joto, kazi yao kubwa ni kuongeza maji. Sisi hapa masika hata viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini! Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukiweka sponji lililolowa ndani ya deli mwezi wa tatu, unafuga ukungu. Mimi natumia pakiti za Boveda za 65, zinatoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi. Moja ya gramu 60 inatosha siga 25 hivi. Kusi likivuma zinatoa, masika zinanyonya. Naagizia Dar kwa mtu anayesafiri.

Ndanda_Juu:
Kweli tupu. Sponji liende jikoni.

Fundi_Chuno:
Msisahau tundu la kutolea maji kule chini ya deli. Kizibo chake kikichakaa hewa inapita usiku kucha na pakiti zako zinakufa mapema. Mimi nilichonga raba ya ndala ikaziba vizuri, silikoni nikapaka kwa nje tu. Ndani usipake, harufu yake inaingia kwenye tumbaku na haitoki. Kupima kama deli linabana: washa tochi ya simu, iweke ndani, funga, zima taa ya chumba. Mwanga ukichungulia mahali, hapo ndipo pa kushughulikia.

Mama_Vifaranga:
Kipima unyevu msihangaike kutafuta mbali, waulizeni wauza mashine za kutotolesha vifaranga. Ni kidude hikihiki. Ila vingi vinadanganya, kwa hiyo kipime kwanza kwa chumvi: jaza kifuniko cha soda, dondoshea maji kidogo iwe tope, isiyeyuke yote. Funga pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa mpaka kesho yake. Lazima kisome 75. Kikisoma 70, jua siku zote kinasoma pungufu ya tano.

Mtani_Mwera:
Kwa chumvi hii ya mashamba yetu ya Lindi?

Mama_Vifaranga:
Hapana mtani wangu, tumia ya mezani iliyosafishwa. Ya mawe ina magnesiamu ndani, inashusha kipimo.

Kusi_Mikindani:
Na wanaotaka kutumia maji kusafishia mbao au kulowesha chochote humo, maji ya bomba yana chokaa na vimelea. Maji ya betri ndiyo safi.

Fundi_Chuno:
Hapo tuwe makini, maana kuna watu watasoma haraka. Kituo cha mafuta wanauza kopo la maji yaliyoondolewa madini na kopo la asidi, yanakaa rafu moja. Soma kopo. Ukiona neno asidi, rudisha.

Bi_Viungo_Lindi:
Acheni na mimi niseme, maana nimesoma mpaka hapa moyo unanienda mbio.

Mume wangu alipewa siga na bosi wake mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba. Akaziweka ndani ya deli letu, akaziba, akalisogeza stoo. Stoo hiyohiyo ndimo nilimokuwa naweka mali yangu ya sokoni: bizari nyembamba, tangawizi kavu, giligilani, pilipili manga, mchanganyiko wa pilau wa kupima vijiko. Ilikuwa Februari, joto mnalijua, bati linapasua kichwa, na umeme ulikuwa unakatika hadi feni tulishaisahau. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umekaribia, watu wote wananunua viungo kwa ajili ya Ramadhani, mtaji wangu wote nimeutumbukiza humo.

Asubuhi mteja ananirudishia pakiti ya bizari. Naitazama kwenye mwanga, inatembea. Vidudu vya rangi ya kutu, vidogo kuliko punje ya mtama, kichwa vimekiinamisha chini, ukivigusa vinajifanya vimekufa. Nikakimbilia stoo. Tangawizi nikaivunja, katikati unga mtupu. Giligilani ina matundu. Nikafungua na deli: kila siga imetobolewa vitundu vya duara vilivyonyooka, na chini umetanda unga wa kahawia. Mume wangu aliposhika moja ikamwagikia kiganjani. Alidhani mtoto amezichoma sindano!

Nilimwaga magunia. Magunia, jamani. Mawifi wakasema wadudu wametoka kwenye viungo vyangu, mimi nikasema wametoka kwenye siga zake, na hatukusemeshana mpaka mwezi ukaandama. Mpaka kesho mimi nasema ni siga.

Ndanda_Juu:
Pole sana dada. Nimeshindwa hata kula.

Karani_wa_Ghala:
Pole dada yangu. Nimefanya kazi maghala ya korosho na nafaka, mdudu huyo namjua: ni fukusi wa tumbaku. Jina tu ni la tumbaku, lakini anakula viungo, unga, mbegu, hata maua makavu. Kwa hiyo mawifi na wewe wote mnaweza kuwa sahihi. Mayai yanakaa ndani ya jani hata kama siga imetoka kiwandani inang'aa. Chini ya nyuzi 18 anasinzia. Ikipita 24 hivi anaanguliwa na kuanza kuchimba. Nyumba ya bati mwezi wa pili ni karamu kwake.

Bi_Viungo_Lindi:
Sahihi ni mimi. Viungo vyangu vilikuwa stoo miaka yote bila mdudu.

Mzee_Msimbati:
Samahani niingilie. Haya yote ni kuhangaikia sumu. Tumbaku inaleta saratani ya mdomo na koo, na siga haina nafuu kwa sababu eti huvuti moshi mpaka kifuani. Fedha hiyo nunueni miche ya korosho.

Kusi_Mikindani:
Shikamoo mzee. Hakuna aliyesema ni dawa. Tunazungumzia namna ya kutunza.

Mzee_Msimbati:
Marahaba. Kitu cha kuua hakitunzwi.

Mwana_Shangani:
Mzee tumekusikia na ni kweli tupu. Sasa karani, tiba ya fukusi ni ipi?

Karani_wa_Ghala:
Friza. Kabla siga haijaingia deli, ifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka friza linalofika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku tatu. Ukiitoa, iache ndani ya friji siku nzima, halafu ndiyo iingie chumbani. Ukiitoa kwenye barafu ukaiweka mezani moja kwa moja, ganda linapasuka. Na umeme ukikatika katikati, anza upya kuhesabu. Kisha deli likae chini kwenye saruji au vigae, chumba kisicho na jua la mchana, mbali na viungo vya mtu.

Mtani_Mwera:
Si utie tu chupa ya maji iliyogandishwa ndani ya deli? Ndiyo kazi yake.

Kusi_Mikindani:
Chupa inatoa jasho, jasho linadondokea siga, na barafu ikiyeyuka joto linapanda tena. Siga haipendi kupandishwa na kushushwa.

Mtani_Mwera:
Mimi nafanya hivyo masika yote, naifunga kwa taulo na siga ziko juu ya kichanja. Hazijaota kitu.

Fundi_Chuno:
Na mbao za ndani mnatumia nini? Wageni walikuwa wanaagiza mwerezi wa Kihispania. Mti wenyewe ni sederela, Cedrela odorata, na hapa Tanzania umepandwa. Ukipata vipande kwa mafundi, panga vichanja vyembamba viwili, harufu ni nzuri na unanyonya unyevu unaozidi.

Mwana_Shangani:
Mpingo je? Huku ndiko kwao.

Fundi_Chuno:
Mpingo ni mzito, haunywi maji kwa urahisi. Waachie wachongaji. Ukikosa sederela tumia mkangazi mkavu, ni ukoo mmoja na sederela. Usiupake vanishi.

Ndanda_Juu:
Mimi nina swali. Deli langu lilikuwa la kubebea pweza.

Mama_Vifaranga:
Lisugue kwa magadi na maji moto, lianike juani wazi, kisha lijaze magazeti yaliyokunjwakunjwa na mkaa mkavu, ubadilishe kila magazeti yakilegea.

Kusi_Mikindani:
Magadi yanatosha, mkaa unachafua.

Karani_wa_Ghala:
Mkaa ndio unaoondoa harufu. Magadi yanaosha tu.

Bi_Viungo_Lindi:
Pweza hatoki kwenye plastiki, mdogo wangu. Hilo endelea kubebea pweza, la siga nunua jingine. Na friza la samaki la nyumbani usilitumie kugandishia, mke wako atakuja kunilalamikia mimi.