Nina W mbili kutoka chuo cha kwanza: nizitaje kwenye maombi ya kuhama?

Safari_ya_Digrii

Wakuu, salaam. Nasoma chuo cha jamii (community college, cha miaka miwili) California, na Novemba hii naomba kuhamia University of California (UC) pamoja na vyuo viwili binafsi kupitia Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi. Kabla ya hapa nilisoma muhula mmoja chuo kingine cha jamii. Nilisajili kozi nne. Kalkulasi 1 na Kemia ya Jumla nilijiondoa katikati ya muhula zikabaki na W, nyingine mbili nikapata B na C. Chuo cha sasa nimezirudia zote mbili na GPA yangu (wastani wa alama) huku ni 3.7.

Wenzangu wanasema W haiingii kwenye GPA, kwa hiyo nikikiruka kile chuo hakuna atakayejua. Ni kweli? Na nikikitaja, nieleze sababu ya W au ninyamaze?

Mzee_wa_Udahili

Ndugu, kitaje chuo, na zitaje kozi zote nne. Wenzako wako sahihi kwamba W haiguswi kwenye hesabu ya GPA. Hilo la kwamba hakuna atakayejua ndilo litakalokuponza.

Fomu ya UC inataka kila chuo ulichosajiliwa baada ya sekondari, hata kama hukumaliza kozi hata moja na hata kama huombi krediti zake zihamishwe. Common App nayo inataka orodha ya vyuo vyote, na vyuo vinavyopokea maombi yako kwa kawaida vinadai transkripti rasmi (orodha ya kozi na alama zako) kutoka kila kimoja. Ukificha chuo, kinaweza kuonekana kwa njia kadhaa. National Student Clearinghouse inahifadhi kumbukumbu za usajili za vyuo vingi mno Marekani, na chuo kinaweza kuangalia humo wakati wowote. Kama uliwahi kupata msaada wa fedha wa serikali ukiwa chuo cha kwanza, kumbukumbu yake ipo kwenye mfumo wa shirikisho. Na kama chuo cha sasa kilipokea krediti zako za B na C, transkripti yake mara nyingi inataja zilikotoka.

Adhabu yake haina uwiano na W mbili. Unapotia saini Common App unakubali kwamba taarifa ikiwa ya uongo unaweza kufutiwa udahili, kufukuzwa, hata kunyang'anywa krediti na digrii. UC nao hufuta udahili. Ubaya zaidi ni wakati: UC hawapokei transkripti wakati wa kuomba, wanategemea ulichojaza wewe, kisha wanalinganisha na transkripti za mwisho, ambazo kwa kawaida hutakiwa kufika kufikia Julai 1. Kwa hiyo pengo linaonekana kiangazi, ukishakataa vyuo vingine na kulipia malazi.

Jambo moja watu wanalikosea wakati wa kujaza: kozi iliyorudiwa haifuti ile ya kwanza. Kalkulasi ya chuo cha kwanza iandike kwenye muhula wake, ikiwa na W. Kalkulasi ya chuo cha sasa iandike kwenye muhula wake, ikiwa na alama yake. Usiziunganishe. Kabla hujagusa fomu, chukua transkripti ya vyuo vyote viwili, hata isiyo rasmi, ujaze mstari kwa mstari ukiitazama: jina la kozi kama lilivyochapwa, namba yake, idadi ya krediti, alama. Usijaze kwa kumbukumbu ya kichwani.

Kalamu_Nyekundu

Naongezea hapo kwenye W yenyewe, maana watu wanachanganya mambo matatu.

Kozi uliyoiacha mapema, ndani ya dirisha la kuongeza na kupunguza kozi, haionekani kwenye transkripti, na huna haja ya kuitaja. Vyuo vya jamii vya California mpaka huo hukaa karibu na asilimia 20 ya muhula. Ukipita hapo hadi asilimia 75, ukijiondoa unapata W. Ukipita asilimia 75 unapata alama ya kawaida, hata iwe F. Halafu kuna vyuo nchini humo vinavyotoa WF (kujiondoa ukiwa unafeli), na hiyo katika vyuo vingi huhesabiwa kama F. Soma maelezo ya alama yaliyo nyuma ya transkripti yako ujue yako ni ipi. California ipo pia EW, ya kujiondoa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wako. Kama sababu yako ilikuwa ya namna hiyo, muulize msajili wa chuo cha kwanza kama bado unaweza kuiomba. Ikibadilishwa, utaandika EW. Isipobadilishwa, utaandika W.

Kuhusu kueleza: W mbili za muhula mmoja, zote zimerudiwa na kufaulu, zinajieleza zenyewe. Msomaji anayepitia maombi anatafuta mwelekeo, na wako unapanda. Kinachomtia wasiwasi ni W zilizotawanyika kila muhula, au W ileile mara mbili kwenye somo la msingi la fani unayoomba. Bado mimi ningeandika sentensi mbili kwenye nafasi ya maelezo ya ziada ya kitaaluma, kwa kuwa Kalkulasi na Kemia ni kozi nzito na zilidondoka pamoja. Kwenye fomu ya UC nafasi hiyo ni fupi, herufi 550 tu, kwa hiyo huwezi kupiga porojo. Kwa mfano, maana yake iwe hivi:

*"Muhula wa vuli nilijiondoa Kalkulasi 1 na Kemia ya Jumla baada ya saa zangu za kazi kuongezeka hadi 35 kwa wiki. Mwaka uliofuata nilipunguza kazi na kurudia kozi zote mbili: Kalkulasi A-, Kemia B+."*

Sababu, hatua, matokeo, basi. Weka sababu yako ya kweli, hata kama ni ya kawaida kama kuelemewa na ratiba. Usibuni ugonjwa, kwa sababu unaweza kuulizwa karatasi za daktari. Na kama kweli ulikuwa ugonjwa, inatosha kusema "sababu za kiafya". Hudaiwi jina la maradhi. Usipoteze swali la insha kwa W mbili. Insha ni nafasi ya kukufahamu wewe.

Dada_Krediti

Muulizaji hajasema kama yuko kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni), ila atakayesoma uzi huu akiwa nayo asome hapa taratibu.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa F-1 anatakiwa kubeba krediti 12 kwa muhula. Ukishuka chini ya hapo bila idhini ya DSO wako (afisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa viza), hadhi yako inaharibika, na idhini hiyo inapatikana *kabla* ya kuacha kozi. Ukihama, rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) inatoka chuo kimoja kwenda kingine, kwa hiyo chuo kipya kinajua ulikuwa wapi. Kuficha chuo hapo hakuna maana kabisa.

Kwa wanaopata msaada wa fedha wa serikali unaoombwa kwa fomu ya FAFSA: W haigusi GPA, lakini inahesabiwa kama krediti ulizojaribu. Vyuo vingi vinataka uwe umekamilisha takriban asilimia 67 ya ulizojaribu. Piga hesabu hiyo mapema.

Safari_ya_Digrii

Asanteni sana, nimeelewa, nazitaja zote. La mwisho: muhula huu nina Fizikia na inanielemea. Nikijiondoa baada ya kutuma maombi, inakuwaje? Fani yangu ni uhandisi.

Mzee_wa_Udahili

Hapo ndipo pa kuangalia kweli, kuliko zile W za zamani. W ya Fizikia inakuacha bila kozi ya msingi ambayo uhandisi unaidai kabla ya kuhama, na pia inakupunguzia krediti. UC wanataka krediti 60 za mihula zinazohamishika. Fungua ASSIST, tovuti ya kuhamisha kozi kati ya vyuo vya umma vya California, tazama makubaliano kati ya chuo chako na kila kampasi unayoomba, uone kama Fizikia hiyo imeandikwa kuwa ya lazima. Ikiwa ya lazima, muulize mshauri kama inaweza kurudiwa majira ya machipuko, maana kiangazi mara nyingi ni kuchelewa.

Ukijiondoa, sasisha. UC wana fomu ya kusasisha taarifa za masomo inayofunguliwa Januari na kufungwa Januari 31. Humo utaweka alama za vuli, W ikiwemo, na mpango mpya wa machipuko. Ukiiruka fomu hiyo, kampasi zinaweza kuacha kuyashughulikia maombi yako. Mabadiliko ya baada ya hapo ripoti kupitia tovuti ya kila kampasi. Vyuo binafsi waandikie ofisi ya udahili moja kwa moja, kwa sababu fomu ya Common App ikishatumwa huwezi kuirekebisha. Barua pepe fupi inatosha: jina kamili, namba ya maombi, kozi iliyoachwa, tarehe, na utairudia lini. Hifadhi majibu yao.