Shangazi ametutoka, nimeachiwa madaftari 11 ya michoro na nimeambiwa niongee siku ya kumbukumbu. Nianzie wapi?

MtotoWaKaka: Wadau habari zenu. Shangazi yangu kafariki wiki 3 zilizopita. Alikuwa mtu wa porini, akipata siku moja tu ya mapumziko anavaa buti zake anapotea, anarudi jioni na matope mpaka magotini na daftari limejaa ndege, mizizi, mawe, chochote. Alichora kwa penseli na rangi za maji, na kila ukurasa pembeni kaandika saa na hali ya hewa. Sasa familia imesema mimi ndo niongee kwa sababu nilikuwa namfuata sana nikiwa mdogo, nikijaribu kuandika natoa maneno ya kawaida tu, alikuwa mpole, alipenda watu, na ukweli hakuwa mpole hata kidogo 😅 ukikanyaga kijiti ndege akaruka utajuta. Nifanyeje? Na haya madaftari nayatunzaje, kuna dada anataka tuyalamineti yote.

Kilima_na_Bonde: Pole sana ndugu. Hicho cha kijiti ndo hotuba yenyewe, usikitupe. Chukua safari moja tu mliyoenda nae uisimulie toka mlipofunga kamba za viatu mpaka mliporudi. Sifa zake watu watazitoa humohumo wenyewe. Mi kwenye msiba wa baba mdogo nilisoma karatasi kurasa 4 za sifa, watu wakawa wanaangalia simu.

fundi_karatasi: MSILAMINETI jamani!! Ule moto na plastiki ukishashika karatasi haurudi nyuma, umeharibu. Selotepu nayo hapana, baada ya miaka inageuka njano na gundi inazama kwenye karatasi. Rangi za maji adui yake mkubwa ni mwanga, kwahiyo mkitaka kutundika ukutani skanini, mprinti, mtundike kopi, orijino ikae kwenye boksi mahali pakavu pasipo na jua. Kwenye kuskani, dpi 300 (yaani nukta 300 kwa kila inchi) inatosha kwa saizi ileile, mkitaka kukuza wekeni 600. Penseli inafutika kwa kusuguana, chomeka karatasi isiyo na asidi kati ya kurasa. Na kama kuna majani makavu kayabana humo ndani yatoeni mweke pembeni, wadudu wanayapenda halafu wanahamia kwenye daftari.

Bi_Mkubwa: Pole mwanangu. Mfanye haya ya kutunza lakini daftari moja liacheni watoto walishike, hata likichafuka. Yeye mwenyewe si alikuwa analipeleka kwenye matope?

MtotoWaKaka: Asanteni sana, dada kashasoma ya laminesheni kanyamaza. Bi Mkubwa nimekuelewa, kuna moja limelowa mvua mpaka rangi zimekimbia, nadhani litakuwa hilo. Safari nimeshaipata pia. Shangazi alikuwa na uongo wake mmoja, ukimuuliza bado mbali anasema ni hapo tu nyuma ya kilima, unapanda kilima unakuta kingine, nimeshalia sana kwenye hivyo vilima. Jana usiku nafungua daftari la 4 nakuta kanichora nimelala chini ya mti mdomo wazi, viatu nimevua. Pembeni kaandika: saa 5 asubuhi, mawingu. Kamechoka. Hatujafika hata nusu, nimekaambia ni hapo tu.