Nichague lenzi gani za kuvaa machoni kwa vumbi na ukavu wa Dodoma?

Mgeni wa Mtumba:

Ndugu wanajamvi, habari za leo. Nimevaa miwani tangu kidato cha pili, na tangu ofisi yetu ilipohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam miwani hiyo imekuwa kero isiyokwisha. Asubuhi napanda bodaboda hadi Mji wa Serikali, Mtumba, na nikishuka vioo vimekwisha kutanda vumbi ambalo nikilipangusa kwa ncha ya shati huacha mikwaruzo.

Mwezi uliopita niliamua kuagiza lenzi za kuvaa machoni kupitia mtandaoni, zile za kubadilisha kila mwezi. Cheti changu cha miwani kinasema jicho la kulia ni -6.00, na la kushoto ni -5.50 pamoja na silinda ya -1.75. Niliagiza -6.00 na -5.50, muuzaji hakuuliza habari ya silinda, nami sikuitaja. Matokeo yake ni kwamba kwa jicho la kulia naona mbali vizuri sana, lakini nikisoma nyaraka kwa saa moja paji la uso linauma. Kwa jicho la kushoto kila herufi ina kivuli chake. Na ikifika saa nane mchana macho yote mawili yamekauka hata kupepesa kunakwaruza. Nimesoma kuhusu lenzi laini, ngumu, za siku moja, za mwezi na za rangi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuchanganyikiwa. Ni aina gani inayonifaa?

Mpima Macho wa Kikuyu:

Ndugu yangu, kabla ya kufika kwenye aina, tuanze na namba, maana nusu ya shida zako zimetoka hapo. Kioo cha miwani hukaa takriban milimita 12 mbele ya jicho, ilhali lenzi hulala juu ya konea yenyewe, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Umbali huo mdogo hauna athari kubwa kwa mtu mwenye namba ndogo, lakini namba ikipita 4.00 ni lazima ikokotolewe upya. Kwa lenzi, -6.00 yako huwa karibu na -5.50. Uliivaa ikiwa imezidi kwa takriban nusu namba, na jicho lililazimika kujikaza muda wote uliposoma, ndiyo maana paji likauma.

Kivuli cha jicho la kushoto ni silinda uliyoiacha. Konea yako haina mviringo sawa pande zote, na lenzi laini ya kawaida huifuata konea ilivyo bila kurekebisha kitu. Hapo inatakiwa lenzi ya toriki, ambayo imeundwa isizunguke jicho linapopepesa, na ina alama ndogo ukingoni ambazo sisi huzitazama kwa hadubini ya macho kuhakikisha imetulia mahali pake. Ikizunguka kwa nyuzi 10 tu, takriban theluthi ya marekebisho ya silinda hupotea. Kwa hiyo toriki hainunuliwi kwa kubahatisha.

Sasa ukavu. Lenzi laini za kwanza zilikuwa za haidrojeli, plastiki inayonywa maji. Mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizimimina nyumbani kwake mwishoni mwa 1961 kwa mashine aliyoiunda kutokana na vifaa vya kuchezea vya watoto, ikizungushwa kwa dainamo ya baiskeli. (Kila nikiona dainamo kwenye baiskeli za wauza maziwa humkumbuka mzee huyo.) Katika haidrojeli oksijeni hupita kwa njia ya maji, kwa hiyo watengenezaji waliongeza maji ili konea ipumue, lakini katika hewa kavu kama yetu lenzi yenye maji mengi huyapoteza na kubana jicho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuja silikoni haidrojeli, ambayo hupitisha oksijeni kwa silikoni yenyewe bila kuhitaji maji mengi kiasi hicho. Kwa mtu anayekaa mbele ya kompyuta mchana kutwa, tena akipepesa mara chache kuliko kawaida, mimi ningeanzia hapo. Tazama boksi lako. Nadhani utakuta ni haidrojeli ya kawaida.

Kuhusu vumbi, ushauri wangu ni lenzi za siku moja. Jioni unaitupa pamoja na kila kilichoganda juu yake, na kesho unafungua nyingine.

Fundi wa Chang'ombe:

Nakubaliana na mtaalamu, ila nisingependa lenzi ngumu zionekane kama kitu cha kale. Mimi nina keratokonasi, yaani konea yangu imechongoka kama pia, na lenzi laini haziwezi kuninyooshea uoni. Nilianza na lenzi ndogo ngumu zinazopitisha hewa. Zinaonyesha vizuri ajabu, lakini siku ya upepo wa Agosti chembe moja ya mchanga ikiingia chini yake unasimama katikati ya barabara ukitokwa machozi kama uliyefiwa. Baadaye nilihamishiwa lenzi za sklera, ambazo ni pana, hujazwa maji maalumu ya chumvi kabla ya kuvaliwa na hukaa juu ya weupe wa jicho bila kuigusa konea. Vumbi haliingii kirahisi. Kwako, mwenye silinda ya kawaida, naona hazina ulazima.

Mama wa Nkuhungu:

Lenzi za siku moja ni nzuri kwa mwenye uwezo. Mimi nimevaa za mwezi kwa miaka mingi, na kosa langu moja nitalisimulia ili lisirudiwe. Lenzi nilikuwa nikizisugua na kuzisuuza kwa dawa yake kila jioni, sawasawa kabisa. Kikasha ndicho nilichokuwa nikikisuuza kwa maji ya ndoo na kukifunika kikiwa bado na unyevu. Jicho likaanza kuuma, mwanga ukawa kama mwiba, na kwenye duka la dawa niliuziwa matone ya macho mekundu bila mtu kuniuliza kama navaa lenzi. Nilipofika hospitali tayari kilikuwa kidonda kwenye konea. Nilitiwa dawa kila saa, usiku na mchana, na kovu dogo limebaki. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba katika maji ya bomba na ya kisima huweza kuishi amiba aitwaye Acanthamoeba, ambaye akiingia kwenye konea ni kazi kubwa kumtoa. Sasa kikasha nakisuuza kwa dawa ileile ya lenzi, nakiacha wazi kikauke, na nakibadilisha kila baada ya miezi mitatu.

Mgeni wa Mtumba:

Nawashukuru nyote, na pole sana, Mama. Nimetazama boksi: ni haidrojeli kweli, yenye maji asilimia 55. Swali langu la mwisho ni la mfuko. Nikivaa lenzi siku tatu tu kwa wiki, je, za mwezi hazitanidumu zaidi? Na je, ninaweza kulala nazo kidogo safarini kwenye treni ya kwenda Dar?

Mpima Macho wa Kikuyu:

Hazidumu zaidi. Mwezi huhesabiwa tangu siku ulipofungua pakiti, si kwa siku ulizovaa. Kwa siku tatu za wiki utatumia takriban jozi 13 za siku moja kwa mwezi, bila kununua dawa wala kikasha. Piga hesabu hiyo kabla ya kusema ni ghali. Ila lenzi ya siku moja isivaliwe mara ya pili.

Kulala nazo, hapana, hata kwa dakika ishirini za treni. Jicho lililofumbwa tayari linapata oksijeni pungufu, na hatari ya maambukizi huongezeka mara kadhaa. Vaa miwani siku ya safari.

Acha kuvaa hizo ulizo nazo, na uende ukapimiwe lenzi, si miwani. Beba boksi lako hata kama limebaki na lenzi moja, kwa sababu ubavuni pake pameandikwa mkunjo na kipenyo chake, na mpimaji atatambua mara moja kama lenzi hiyo ilikuwa inakubana pia.