Mashine ya salfa inazima ikipata moto, naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Niko Newala, natengeneza chenso na mashine za kupulizia mikorosho dawa ya salfa hapa nyumbani, chini ya mwembe. Kuna moja ya kubeba mgongoni imenishinda, na mwenyewe anaidai kila asubuhi maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haumsubiri.

Ikiwa baridi inawaka kwa mvuto wa pili. Ikifika kama dakika 15 inazima ghafla, kama mtu kabonyeza swichi. Hapo vuta mpaka bega liume, haiwaki. Ikipoa nusu saa inawaka tena kama si yenyewe.

Nimeosha kabureta, nimebadilisha plagi na chujio la petroli. Mfuniko wa tangi nimeulegeza ikiwa kazini, bado. Oili nachanganya mwenyewe, 1 kwa petroli 25. Chujio la hewa lilijaa salfa, nikaihofia pistoni, ila nikichungulia kwenye tundu la bomba la moshi sioni mikwaruzo.

Nahisi koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, lakini nikinunua nikakosea, hasara yangu. Bila kipimo, nitajuaje kama ni koili au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inashuka ikipata moto? Na sili za krenki, zile raba za kuzuia hewa kwenye shafti ya injini, zikivuja zinaleta dalili hii hii?