MREJESHO: majibu ya kipimo cha moyo cha mzee (presha na sukari)

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kuhusu baba, miaka 60, ana presha na sukari, alipimwa moyo kwa kutembeshwa kwenye mashine tukapewa karatasi inasema kipimo hakijajitosheleza, mapigo yameishia 118, tukabaki tunaangaliana.

Asanteni sana, hasa mliosema niulizie atenolol, dawa ya presha anayomeza mzee. Ndo yenyewe! Daktari kasema mapigo yalitakiwa yafike kama 136 (220 toa umri, halafu asilimia 85) na ile dawa inauzuia moyo kwenda mbio, kwa hiyo karatasi ile haikusema mzima wala mgonjwa. Akamsimamishia dawa kwa muda, yeye daktari, jamani msijisimamishie wenyewe presha inaweza kuruka, mzee akarudia akafika 140 na hapo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ikaonyesha mabadiliko, mstari umeshuka, na kifua hakikumuuma hata kidogo, alikuwa anabishana na nesi kwamba yuko fiti. Kumbe wenye sukari moyo unaweza kukosa damu ya kutosha na wasisikie kitu.

Kutembea jioni kakubali. Kupunguza chumvi kumegonga mwamba, kachumbari isiyo na chumvi anaisukuma pembeni, na presha bado inacheza kwenye 150/90. Kaongezewa aspirini na statini (dawa ya kushusha mafuta kwenye damu), CT (picha) ya mishipa ya moyo inasubiri kipimo cha figo kwanza sababu ya ile dawa wanayochoma ili mishipa ionekane kwenye picha, pia kibali cha bima. Ikitoka nitaleta hapa hapa.